Usiku Mmoja Katika Mchanga wa Sharqiya

Mwezi wa Januari, joto la Omani linapopumzika, tuliazimu sisi jamaa saba, Bibi yetu akiwa miongoni, kwenda kulala jangwani. Chombo chetu kilikuwa gari kuukuu la abiria lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tulisoma dua ya safari, tukaondoka Maskati baada ya sala ya Alfajiri.

Tulipumzika Ibra, mji ambao wengi wa watu wake walihamia Unguja na mrima zamani za majahazi. Bibi, aliyezaliwa Unguja, alizitazama nyumba za udongo zilizobomoka, akawarehemu wazee wake kimyakimya. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya na kuzipunguza katika msikiti wa Bidiya, zaidi ya kilomita 200 kutoka Maskati. Hapo lami hukoma, na mchanga huanza ghafla: vilima vyekundu vilivyopangana kutoka kaskazini hadi kusini, vingine vikikaribia kimo cha mita 100.

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wa pili gari lilizama. Kila tulipokanyaga mafuta, magurudumu yalijichimbia kaburi. Tuliposhusha mizigo tukakuta msiba mwingine: dumu moja la maji limepasuka, na yote yamenywewa na mchanga. Tulibakiwa na lita kumi kwa watu saba, na Bibi ana dawa za kunywa.

Jua likazama, na baridi ikaanza kutuuma. Kijana wetu mdogo akalishika lile dumu ili atawadhe. Bibi akamzuia.

"Mjukuu wangu, hayo ni ya kunywa. Piga mikono yako kwenye mchanga."

"Bibi, sala ya mchanga itakubaliwa?"

Bibi akamsimulia jinsi msafara wa Mtume (S.A.W.) ulivyosimama mahali pasipo maji kwa ajili ya kuutafuta mkufu wa Bibi Aisha (R.A.), na aya ya tayamamu ikateremka. "Jambo lililowataabisha wale," akasema, "limekuwa rehema kwetu usiku huu." Tukapangusa nyuso na mikono, tukaelekea magharibi kunako kibla, tukasali Magharibi na Isha safu moja. Wengi wetu tulikuwa tumeisoma tayamamu tangu chuoni, hatukuwahi kuihitaji.

Hatujamaliza nyiradi, taa za gari zikatokea kilimani. Mzee wa Kibedui alishuka, akatusalimu, akayabonyeza magurudumu yetu, akacheka. Tulikuwa tumeyaacha na upepo wa barabarani. Aliupunguza hadi mipira ikabonyea na kutandaa, ili uzito usambae juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Tukafukua, tukasukuma, na gari likainuka kama ngamia anayeamka. Tulipomtolea fedha alizikataa. Alituachia dumu la maji na tende, akatuomba dua tu.

Alfajiri tulitawadha kwa maji yale, kila mtu akiyapima kwa kiganja. Nyumbani bomba hutiririka tukizungumza.

Wazazi mtakaokwenda huko, msiende na gari moja, punguzeni upepo kabla ya kuingia mchangani, na maji yagawanyeni katika vyombo vingi. Na watoto wafundisheni ruhusa za dini yao kabla ya siku ya dhiki, kwani siku hiyo haibishi hodi.