Albamu "Energy": mashabiki wanasifu sauti, sisi wa Likasi tunasikia jina

LIKASI, Haut-Katanga. Kuna kikundi cha muziki cha Marekani kilichoishi miaka miwili tu, kikatoa albamu moja, kikavunjika. Kinaitwa Operation Ivy. Albamu yake, "Energy", ilitoka mwaka 1989, na hadi leo mashabiki wanabishana juu yake kama vile watu wa Lubumbashi wanavyobishana juu ya Mazembe na Lupopo.

Mimi nimeijua kwa njia ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekwenda Marekani kwa loteri ya visa. Anafanya kazi ya usiku katika bohari kubwa, na wenzake wa zamu wanapiga albamu hiyo wakati wanapanga makartoni. Alinitumia nyimbo zote 19. Nikanunua mega, nikazisikiliza mara mbili, kisha nikamwomba aniulizie wenzake: ninyi munaipendea nini albamu hii?

Kwanza nieleze, maana huku kwetu muziki huu haujulikani sana. Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya rege. Gitaa yake inakata katikati ya mapigo, inafanya mguu uruke. Punk ni muziki wa haraka na wa hasira, hauhitaji ufundi mwingi wala pesa nyingi. Mwaka 1987 vijana wanne wa Berkeley, California, waliunganisha hizo mbili: Jesse Michaels akiimba, Tim Armstrong kwenye gitaa, Matt Freeman kwenye besi, Dave Mello kwenye ngoma. Nyumba yao ilikuwa ukumbi wa 924 Gilman Street, unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Pale pombe haiuzwi, na mtu wa ubaguzi au wa fujo hapokelewi.

Sasa maoni. Wa kwanza ni mzee wa bohari, mwenye miaka zaidi ya hamsini. Yeye anasema usiguse kitu. Sauti imekwaruza, vyombo vinagongana, mwimbaji anakaribia kukauka koo, na hiyo ndiyo raha yake. Anasema ukifunga macho unajiona uko ndani ya ukumbi, jasho la wenzako linakugusa. Ukisafisha sauti ile, watu wote wanatoka ukumbini, unabaki na kuta.

Wa pili ni mama mmoja anayepiga besi katika kikundi cha kanisa lake. Yeye anasema albamu ni ya Matt Freeman. Wengine wanakimbia, besi inaimba. Lakini analalamika kwamba maneno hayasikiki vizuri, na hilo ni hasara, kwa sababu nyimbo kama "Unity" na "Knowledge" zina jambo la kusema: watu waache kupigana wenyewe kwa wenyewe, mtu asijidanganye kwamba anajua kila kitu. "Mutu akiwa na neno la maana," alimwambia mpwa wangu, na mpwa wangu akanitafsiria, "alitamke."

Wa tatu ni kijana aliyeanzia mbele akarudi nyuma. Yeye alikuwa mpenzi wa Rancid, kikundi ambacho Armstrong na Freeman walikianzisha mwaka 1991. Anaona nyimbo 19 ni nyingi, na zile za mbio tupu zinafanana. Zile zenye ska, kama "Sound System", ndizo zinazobaki kichwani. Anauliza pia ska gani hii isiyokuwa na tarumbeta. Mzee anamjibu kwamba tarumbeta zingehitaji watu wengine watatu na gari kubwa zaidi.

Ubishi wao mwingine ni kuhusu mpaka wa albamu. Mwaka 1991 nyimbo hizo zilitolewa tena kwenye CD pamoja na zile za zamani, jumla 27, na wengi wameijua hiyo tu. Mzee anasema 19 ndizo albamu, nyingine ni nyongeza. Kijana anasema alichokipenda ni 27, hakuna mtu wa kumpunguzia.

Juu ya neno moja wote wanakubaliana: kikundi kilivunjika Mei 1989, wakati albamu ndiyo kwanza inatoka. Hakukuwa na albamu ya pili ya kuharibu jina, wala ya kulisahihisha.

Juu ya sauti, mimi niko upande wa mzee, na nina sababu ya hapahapa. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa anaishi Afrika ya Kusini, alifika na mashine yake katika mji huu, wakati huo ukiitwa Jadotville. Akamkuta kijana na gitaa yake, Mwenda Jean Bosco. Akamrekodi "Masanga". Gitaa moja, hakuna orkestra, hakuna kitu cha kuficha kosa. Hadi leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanakaa chini kujifunza vidole vya Bosco. Mtu wa Likasi hawezi kudanganywa kwamba muziki mkubwa unatoka katika studio kubwa peke yake.

Lakini mwaka 1952 ulikuwa na jambo jingine, na hapa ndipo nilipogombana kidogo na mpwa wangu. Operation Ivy ni jina la majaribio ya bomu za nyuklia ambayo jeshi la Marekani lilifanya Novemba 1952 kwenye visiwa vya Enewetak, katika bahari ya Pasifiki. Bomu ya kwanza, ya tarehe 1 Novemba, ilikuwa ya haidrojeni. Kisiwa cha Elugelab kilitoweka, kikabaki shimo chini ya maji. Wenyeji wa Enewetak walikuwa wamehamishwa tangu mwaka 1947. Hawakurudi kuishi kwao mpaka mwaka 1980.

Nilipomwambia, alinijibu: "Mjomba, ni jina tu. Hapa wanalivaa kwenye tishati."

Kwa mtoto wa Likasi si jina tu. Shinkolobwe iko karibu nasi. Urani iliyochimbwa pale na kampuni ya Union Minière ndiyo iliyoingia katika bomu ya Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mababu zetu walibeba madini yale kwa mikono, hawakuelezwa yanakwenda wapi wala yanafanya nini mwilini. Bomu ya 1952 ni mtoto wa ile ya 1945. Kwa hiyo sikia mwaka huo mmoja: huku mji wetu unampa ulimwengu gitaa ya Bosco, kule kisiwa kizima kinafutwa kwa kazi iliyoanza na udongo wetu.

Mpwa wangu alinyamaza siku mbili. Kisha aliwaeleza wenzake usiku, wakati wa mapumziko. Mzee alikiri kwamba amevaa tishati ile miaka thelathini bila kuuliza. Yule mama aliomba aandikiwe neno Shinkolobwe kwenye karatasi. Kijana alisema basi albamu imekuwa nzito zaidi, kwa sababu vijana wanne waliochukua jina la bomu waliimba habari ya umoja.

Hayo ni maoni mazuri kuliko yangu, na ninayachukua. Siwaombi mashabiki waache kuruka. Ninataka tu, wanapohesabu nyimbo 19 au 27, wakumbuke kwamba jina lina watu ndani yake: wa Enewetak, wa Hiroshima, na wa hapa.

Na kwenu, vijana wa Likasi, wa Kikula na wa Panda, muliojaza simu nyimbo mukingoja siku mutakapopata studio ya dola nyingi: wale wa Berkeley hawakungoja. Wangengoja mwaka mmoja tu, kikundi kingekuwa kimekwisha kufa na albamu isingekuwapo. Rekodini sasa, na sauti hiyohiyo yenye mikwaruzo. Ikiwa neno lenu ni la kweli, atapatikana mtu katika bohari ya mbali wa kubishana juu yake usiku kucha.