Barafu ya Nairobi na Mikeka ya Munanila

Munanila huijua barafu kwa njia moja tu, nayo ni mvua ya mawe. Hushuka ghafla wakati wa masika, ikachana majani ya migomba na kuangusha maua ya maharage, na watoto wa madrasa wakatoka mbio na vikombe kuokota punje nyeupe kabla hazijayeyuka. Baridi yenyewe tunayo ya kutosha. Kata yetu, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Kasulu hadi Buhigwe ilipofanywa wilaya mwaka 2012, imekaa juu ya vilima vinavyotazamana na Burundi. Ifikapo Juni na Julai, ukungu hulala mabondeni hadi jua lipande, na mwadhini wa Alfajiri huadhini akiwa amejitanda blanketi.

Katika vilima hivyo vya kahawa, migomba na maharage, habari za hoki ya barafu zilitufikia Ijumaa ya tarehe 23 Mei 2025. Baada ya Swala ya Alfajiri kijana mmoja alibaki kibarazani ameinamia simu yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Nikamuuliza kulikoni.

“Ustadhi, Denmark amenichania mkeka.”

Usiku uliotangulia, katika robo fainali ya mashindano ya dunia ya hoki ya barafu, Denmark, waliokuwa wenyeji kwa pamoja na Uswidi, waliifunga Kanada mabao 2 kwa 1. Kanada waliongoza hadi zikabaki dakika mbili na ushei, kisha wakafungwa yote mawili, na la pili liliingia zimesalia sekunde 49. Wajuzi wa mchezo huo duniani walishika vichwa. Kijana wetu naye alishika chake. Alikuwa ameziunganisha mechi tano kwenye mkeka mmoja, na Kanada ndiyo aliyoihesabu kuwa ya uhakika. Shilingi 5,000 alizoweka zilitoka katika fedha za maharage ya mama yake.

Kwa wazazi wasioujua mkeka, maelezo yake ni mafupi. Mchezaji kamari huchagua mechi kadhaa na kutabiri mshindi wa kila moja. Zikitimia zote hulipwa, na ikikosekana moja mkeka wote umechanika. Ligi za mpira wa miguu zinapokwenda mapumziko, kampuni za kubeti hazipumziki. Simu humletea kijana tenisi ya Asia, vikapu vya Amerika ya Kusini na hoki ya barafu ya Ufini, ili mradi mkono usikae bure. Hukumu ya kamari imo katika Surat al-Maida, aya ya 90 na ya 91, wala sioni haja ya kuirefusha hapa kwa sababu kila mtoto aliyepita madrasa anaijua.

Jambo lililonikaa moyoni zaidi ni kwamba kijana yule alilijua jina la nahodha wa Kanada, na bado hakuweza kunieleza kinachopigwa uwanjani ni mpira, tufe au jiwe. Fedha zake zilikuwa ndani ya mchezo ambao macho yake hayajapata kuuona hata kwa dakika moja.

Mwezi Agosti kamati ilinituma Nairobi kununua vitabu vya madrasa katika maduka ya Eastleigh, nami nikajiwekea nusu siku ya kwenda kuitazama barafu. Njia ya kutoka kwetu ni ndefu: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, kisha Geita na Mwanza. Sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya ghuba ya Ziwa. Wenye kukumbuka foleni ya kivuko, gari la wagonjwa likiwa katikati ya malori, hulivuka huku wakitamka Alhamdulillah kwa sauti. Kutoka Mwanza unashika Musoma, Tarime na mpaka wa Sirari, na huko mbele Kisii na Narok. Nilifika Nairobi nikiwa na magoti ya mzee wa miaka themanini.

Barafu yenyewe imo ndani ya hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ilifunguliwa mwaka 2005, ikiwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Nje kulikuwa na vumbi na honi za matatu, ndani baridi ikanipiga shingoni kama asubuhi ya Julai ya Munanila. Huenda mimi ndiye mgeni pekee siku ile aliyejihisi yuko nyumbani.

Nilidadisi namna inavyotengenezwa, maana kwetu maji hayagandi hata yakilala nje usiku kucha. Chini ya sakafu ya zege hupita mabomba yenye kimiminika kilichopozwa kupita kiwango cha maji kuganda. Juu yake maji humwagwa tabaka jembamba, likishaganda humwagwa jingine, hadi upatikane unene wa sentimita chache tu. Mitambo ikizimwa, uwanja wote unageuka dimbwi. Kila saa ya mchezo ina ankara yake ya umeme.

Tena uwanja wenyewe ni mdogo, karibu robo ya uwanja rasmi. Uwanja wa mashindano ya mataifa una urefu wa mita 60. Kila timu huwa na wachezaji sita kwa wakati mmoja, akiwemo mlinda lango, nao huteleza juu ya viatu vyenye bapa la chuma mfano wa kisu. Kinachopigwa kwa magongo ni kisahani kigumu cha mpira, kipana kama kifuniko cha chupa ya chai na kizito kuliko kinavyoonekana. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimamishwa kila mchezo unaposimama.

Kuna kanuni moja iliyonipendeza kwa jicho la mwalimu wa madrasa. Mchezaji akimchezea mwenzake vibaya hupelekwa kukaa kwenye kizimba pembeni ya uwanja, kwa kawaida dakika mbili, na timu yake hubaki pungufu. Dakika zikiisha mlango unafunguliwa, anarudi uwanjani, na deni limekwisha. Nilitamani baadhi ya wazazi wetu wangekuwepo.

Siku ile walikuwepo watoto wa shule na vijana wachache wenye magongo. Msichana mmoja aliyevaa hijabu, umri wa miaka kumi hivi, alikuwa akifundishwa kusimama. Alianguka mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Baba yake, aliyeketi karibu nami kwenye benchi akiwa na koti zito, hakusogea hata mara moja. “Mwache, Sheikh,” akaniambia alipoona nimeinuka. “Akiinuliwa hatajifunza.”

Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya taifa ya Kenya, Ice Lions. Kuanzia mwaka 2016 walikusanyika vijana wa Nairobi, wengi wao wakiwa wamezoea kuteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye lami, wakafundishwa na mkufunzi raia wa Kanada. Tatizo lao halikuwa vifaa na nafasi peke yake. Hawakuwa na wa kucheza naye! Uganda haina uwanja wa barafu, wala sisi hatuna, wala Burundi. Taifa zima likawa na timu moja inayojigawa mara mbili ikacheza yenyewe kwa yenyewe, wiki baada ya wiki, katika robo ya uwanja.

Mwaka 2018 kampuni moja ya migahawa ya Kanada iliwasafirisha wachezaji 12 hadi Toronto ili wacheze na timu nyingine kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Wakiwa chumba cha kuvalia, waliingia watu wawili wamevaa jezi za Kenya, wakasema wamekuja kucheza upande wao. Walikuwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakubwa wa mchezo huo duniani. Msomaji asiyejua hoki afikirie Messi na Ronaldo wakiingia chumba cha timu ya Kasulu.

Crosby ndiye nahodha wa Kanada aliyefungwa na Denmark Mei 2025, na MacKinnon alikuwa naye kikosini. Majina mawili yaliyomchania mkeka kijana wa Munanila yalipata kuvaa jezi ya jirani zetu. Hilo simu ya kubeti haikumwambia.

Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Barani Afrika iliwatanguliwa na Afrika Kusini iliyoingia mwaka 1937, Moroko mwaka 2010, Algeria mwaka 2019 na Tunisia mwaka 2021. Shirikisho lenyewe liliundwa Paris mwaka 1908, na mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya dunia yalifanyika Antwerp mwaka 1920. Kanada walitwaa ubingwa wakiwakilishwa na timu kutoka mji wa Winnipeg, ambayo karibu wachezaji wake wote walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Iceland. Leo mataifa 16 hucheza daraja la juu, na chini yake kuna madaraja mengine ya kupanda na kushuka. Mwaka 2025 ubingwa ulikwenda Marekani, walioifunga Uswisi bao 1 kwa bila. Hawakuwa wameupata kwa njia hiyo tangu mwaka 1933.

Wako watakaouliza haya yanatuhusu nini Waislamu. Yanatuhusu kwa kuwa mataifa ya Kiislamu yamo ndani yake. Falme za Kiarabu ziliingia katika shirikisho mwaka 2001, na Oman, ambako baadhi ya wasomaji wa gazeti hili wana wajomba na mashangazi, mwaka 2014. Mwaka 2019 Abu Dhabi iliandaa mashindano ya kufuzu daraja la tatu la dunia. Kati ya timu zilizofika zilikuwemo Kuwait, Kirgizia na Bosnia, na wenyeji ndio waliopanda daraja. Jangwani wamefanikiwa kugandisha maji na kuleta mataifa kuyachezea.

Tena Februari 2017 Fatima Al Ali, mchezaji wa timu ya wanawake ya Falme za Kiarabu, alialikwa Washington na klabu ya Capitals, akapewa heshima ya kuangusha kisahani cha kufungulia mchezo akiwa na hijabu yake. Agosti 2022 Nazem Kadri, mzaliwa wa mji wa London ulioko Kanada, wa familia yenye asili ya Lebanon, alikipeleka kombe kubwa la klabu za Amerika ya Kaskazini, Stanley Cup, katika msikiti wa mji wake. Mwaka uliotangulia, katika mji huohuo, watu wanne wa familia moja ya Kiislamu walikuwa wameuawa kwa kugongwa na gari kwa makusudi, kwa sababu ya dini yao. Watoto waliozika jirani zao walipanga mstari kuligusa kombe.

Najua hoja za wazee wa kamati yetu, nami naziheshimu. Michezo ina fitina zake: swala hupita, stara hulegea, wavulana na wasichana huchanganyika. Hayo yanahitaji mipaka, na mipaka tunaijua. Bwana Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mama Aisha (r.a.), na habari hiyo tunaisomesha kila mwaka. Lakini naiona fitina kubwa zaidi katika kijana aliyekaa kibarazani bila kuvunja jasho, ameshikilia mchezo wa watu wa mbali kwa shilingi za mama yake. Mchezaji anayeanguka kwenye barafu ya Panari hurudi nyumbani na goti lililovimba na kitu alichojifunza. Mwenye mkeka hurudi na deni.

Niliporudi Munanila niliwaonyesha vijana picha chache nilizopiga. Waliuliza maswali ya maana kuliko nilivyotarajia: kisahani kinapimaje uzito, nani hulipa umeme, Kenya watacheza na nani sasa. Mmoja akauliza kama vijana wa ng'ambo ya mpaka wana timu ya mpira wa miguu, maana si mbali na hatujapata kuwaalika.

Nyuma ya msikiti wetu kuna kipande cha ardhi kilichotolewa wakfu kwa manufaa ya watoto wa madrasa. Kwa miaka miwili kamati imejadili kujenga vibanda vitatu vya kupangisha. Hoja si dhaifu, maana kodi ingelipa posho ya walimu. Wawili walioulizia vibanda mapema walitaka kufungua kituo cha kubeti, tukawakatalia, alhamdulillah. Nimeandika pendekezo lingine: ardhi isawazishwe, itiwe uzio wa mikaratusi, iwe kiwanja, wavulana wapewe siku zao na wasichana siku zao nyuma ya uzio pamoja na walimu wa kike, na mchezo ukome robo saa kabla ya kila adhana.

Mwenyekiti amelipokea bila kutabasamu. Limewekwa kuwa ajenda ya nne katika kikao kijacho, baada ya paa la choo cha wanawake.