Keki ya karoti ya babu ilivyogeuka keki ya nyumba nzima

Mtu mmoja akigundulika na kisukari katika familia, kitu cha kwanza kubadilika ni sahani yake. Anatengewa chai yake, mboga yake na kipande chake cha mkate. Nia huwa njema. Lakini anayekula tofauti kila siku, katika nyumba iliyojaa watu, anajua kwamba ametengwa, na aliyetengwa hutafuta njia.

Familia moja ya Ngamiani, Tanga, iliishi hivyo karibu mwaka mzima. Babu, fundi seremala mstaafu mwenye miaka 68, anaishi na mwanawe, mkwewe na wajukuu watatu. Kipimo chake cha asubuhi kabla ya kula kilisoma 13.2, wakati kuanzia 7 tayari ni kiwango cha kisukari. Akaanzishiwa vidonge na kupewa karatasi ya vyakula vya kupunguza. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa friji, na kila mtu akadhani kazi imekwisha.

Ugumu ulikuwa saa kumi jioni. Pwani chai ya saa kumi haiji peke yake. Inakuja na maandazi, visheti, kashata au mkate wa kumimina. Babu aliwekewa chai ya rangi isiyo na sukari, basi. Akiulizwa, alijibu kwamba ameshiba.

Kazi ya kumlinda iliangukia kwa mkwewe, mama wa watoto, kwa sababu jiko lilikuwa lake. Lakini mke wa mwana hamnyang'anyi baba mkwe wake andazi mkononi. Anamwita Baba, anamwamkia shikamoo kabla ya neno jingine, na sauti yake haipandi mbele yake. Alipomwona ananyoosha mkono kwenye sahani ya visheti, alichoweza ni kusema, "Baba, nikuongezee chai?" huku akiisogeza sahani kana kwamba anapisha birika. Babu alielewa. Alirudisha mkono, na wote wawili wakaona aibu.

Siku moja, akibadilisha mashuka, mama huyo alikuta kashata mbili chini ya mto wa Babu, zimefungwa kwa karatasi ya daftari. Mwandiko ulikuwa wa binti yake wa miaka 9. Alipomuuliza taratibu, mtoto alijibu bila kuficha.

"Babu hakuniomba, Mama. Mimi niliona anatuangalia tu tunavyokula."

Mama hakumchapa. Angemchapa kwa lipi? Kosa halikuwa la mtoto, lilikuwa la meza. Ilibidi kiwepo kitu kwenye sahani ya saa kumi ambacho Babu angeweza kukichukua bila mtu yeyote kumtazama mkono.

Wazo la keki ya karoti lilitoka kwenye simu, kama mawazo mengi ya siku hizi. Na karoti Tanga si shida, zinashuka kutoka milima ya Lushoto. Mama alifikiri atapika keki yake ya kawaida na kuacha sukari tu. Muuguzi wa kliniki ya kisukari ndiye aliyemfungua macho: bila sukari si sawa na bila wanga. Unga wa ngano ukifika tumboni humeng'enywa na kuwa sukari, na gramu 100 zake zina wanga wa takriban gramu 76.

Majirani nao walikuwa na ushauri wao. Mmoja alisema atumie asali, mwingine tende, mwingine sukari guru. Vyote vitamu, na vyote ni sukari. Asali peke yake ni sukari kwa takriban asilimia 80. Mwili wa mgonjwa hauulizi kama sukari imetoka kwa nyuki, mtende au kiwandani.

Karoti yenyewe ilikuwa na nafuu. Gramu 100 za karoti mbichi zina wanga wa gramu 10 hivi, karibu nusu yake ikiwa sukari, na nyuzinyuzi karibu gramu 3. Ndiyo maana ina utamu wake bila mzigo mkubwa. Wala si mara ya kwanza kwa karoti kuziba pengo la sukari. Uingereza ilipoanza kugawa sukari kwa mgao Januari 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wizara ya chakula ya huko iliwahimiza akina mama watumie karoti kutia utamu kwenye keki na vitafunio, kwa sababu karoti zilikuwa nyingi. Mgao wa sukari ulidumu hadi 1953.

Mapishi mengi ya keki ya wanga kidogo yanataka unga wa lozi. Bei yake dukani ilimfanya mama huyo airudishe pakiti kwenye rafu. Akarudi nyumbani kutazama alichonacho, akaona vitu viwili: karanga, na chicha ya nazi ambayo kila siku ilikuwa ikienda kwa kuku. Unga wa nazi unaouzwa madukani kwa bei kubwa hutokana na machicha hayo hayo, yaliyokamuliwa tui, yakakaushwa na kusagwa.

Jaribio la kwanza lilimeguka kama udongo mkavu. Karanga na chicha havina ule mvutano wa ngano unaoshika keki. La pili lilishika, lakini katikati lilikuwa bichi, kwa sababu karoti zilitoa maji. La tatu likakubali, na tangu hapo vipimo vimebaki vile vile.

Karanga gramu 200, sawa na vikombe viwili hivi baada ya kusagwa, hukaangwa kidogo, hupetwa maganda, kisha husagwa kwa muda mfupi mfupi ili zisigeuke siagi. Kabla ya hapo huchambuliwa moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hutupwa, maana sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Chicha huanuliwa juani hadi ikauke kabisa, husagwa, na hupimwa kikombe kimoja. Karoti mbili za wastani, gramu 150 hivi, hukunwa kwa matundu madogo na kukamuliwa ndani ya kitambaa safi.

Vinafuata mayai manne, mafuta ya nazi nusu kikombe kasoro kidogo, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, mdalasini vijiko viwili vya chai, hiliki, kungumanga na tangawizi ya unga. Mayai ndiyo yanayoshika keki, na viungo ndivyo vinavyoudanganya ulimi udhani sukari ipo.

Kuhusu sukari mbadala, mama hutumia unga wa stevia, akifuata kipimo cha pakiti, maana kila aina ina nguvu yake. Ila husoma kwanza kilichoandikwa nyuma. Pakiti nyingine huchanganywa na maltodekstrini au deksitrosi ili zijae, na hivyo vyote hupandisha sukari ya damu.

Mchanganyiko humiminwa kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20 iliyotandikwa karatasi ya kuokea, kisha huokwa kwa nyuzi 175 kwa dakika 25 hadi 30. Umeme ukikatika, hutumia sufuria yenye mfuniko mzito juu ya jiko la mkaa, makaa machache chini na mengi kidogo juu ya mfuniko. Ikiiva, huachwa ipoe kabisa. Ikikatwa ya moto, humeguka. Juu yake hupakwa mtindi mzito, uliochujwa usiku kucha kwenye kitambaa ndani ya friji, na kukunwa ganda la limau. Kisha hukatwa vipande 16, virefu kama kidole kinene.

Hesabu yake ni rahisi. Keki ya kawaida ya ukubwa huo, yenye unga wa ngano gramu 250 na sukari gramu 200, ikikatwa vipande 16 hutoa wanga wa takriban gramu 25 kwa kila kipande. Hii ya karanga na chicha haizidi gramu 5 au 6, na sehemu kubwa ni nyuzinyuzi. Ila ina mafuta mengi na inashibisha, kwa hiyo kipande kimoja au viwili vinatosha.

Keki iliiva, lakini Babu aliikataa.

Mama alikuwa ameiokea kwenye trei yake, akamkatia vipande viwili kwenye kisahani chake, huku watoto wakila maandazi pembeni. Babu alionja, akasifu, akaacha kipande kizima. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mwanawe, baba wa watoto, akamuuliza kama haikuwa tamu.

"Ni tamu, mwanangu," Babu alisema. "Lakini ni chakula cha mgonjwa. Kila nikikila nakumbuka."

Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha nyumba. Usiku ule mume na mke walikubaliana kwamba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hakutakuwa na maandazi wala visheti mezani. Trei ni moja, sahani ni moja, na kila mtu anachukua mwenyewe. Watoto hawakupoteza kitu cha kuwaumiza. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye chakula iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi, yaani vijiko 6 vya chai. Chai yenye vijiko vitatu na kashata mbili humaliza kiwango hicho kabla ya magharibi.

Kijana mkubwa, wa kidato cha pili, alinung'unika na bado ananung'unika. Ananunua maandazi yake njiani na kuyamalizia huko huko. Wazazi wameamua kutopigania hilo. Lakini binti mdogo sasa ndiye anayekata vipande, na tangu sahani iwe moja hakuna karatasi ya daftari iliyoonekana chini ya mto.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wenye mgonjwa nyumbani wanapaswa kulijua kabla ya kusafisha makabati. Babu alikuwa akitumia glibenclamide. Vidonge vya aina hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu amekula kidogo. Ukipunguza wanga ghafla bila kliniki kujua, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha meza, familia ilimpeleka Babu kwa daktari, dawa zikapitiwa upya na dozi ikapunguzwa. Muuguzi akasisitiza neno moja zaidi: sukari isitoke yote ndani ya nyumba. Ndiyo maana kabatini, juu kabisa, lipo kopo moja la sukari ya kawaida lenye kijiko ndani.

Kopo hilo lilishushwa Alhamisi moja. Babu alikuwa amekwenda mazikoni tangu asubuhi, amemeza kidonge chake na kukosa chakula cha mchana. Alirudi anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanapishana. Kipimo kilisoma 3.1. Binti mdogo, kwa mapenzi yake, akakimbia kumletea kipande cha keki.

"Hiyo hapana," mama alisema. "Hiyo haina sukari, na leo Babu anaihitaji sukari yenyewe."

Akakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya nusu glasi ya maji, akamnywesha pole pole kwa kuwa alikuwa na fahamu zake na anameza. Baada ya dakika 15 wakapima tena: 4.6. Ndipo akapewa wali na samaki. Angekuwa amepoteza fahamu, wasingemtia kitu mdomoni. Wangemkimbiza hospitali. Keki ile inayomfaa kila siku isingemsaidia kitu saa ile, na sasa hata mtoto wa miaka 9 anaijua tofauti.

Keki haijamponya Babu. Vidonge bado anameza, kliniki bado anakwenda, na kipimo cha asubuhi kuna siku kinasoma 7 na kuna siku kinasoma 9. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena askari wala mwizi mezani. Mkwewe amerudi kuwa mkwe, na anamwongezea chai kwa sababu kikombe chake kimeisha.

Sikukuu ya Idi iliyopita visheti vilirudi mezani, kwa makubaliano ya wote. Babu alipima kwanza, akatazama sahani, akachukua kisheti kimoja. Alikila taratibu mbele ya watu wote, akapangusa vidole, kisha akamwomba mjukuu wake amkatie na kipande cha karoti.