Kutoka Mubambiro hadi Mombasa, mara hii bila kukimbia

Tangu turudi, kila tukipita kwenda soko la Sake mnatusimamisha njiani: "Mombasa iko namna gani?" Tumejibu mpaka sauti imekauka, basi tumeona afadhali tuandike mara moja, kila mtu asome nyumbani kwake. Tunaandika sote wawili. Mama ameshika kalamu, mzee amekaa pembeni na kazi yake ni kusema, "Hapana, si hivyo."

Tuanze na sufuria. Usiku wa kuamkia safari tulifunga mizigo, na asubuhi mzee akainua mfuko akashangaa uzito wake. Akaufungua. Ndani kulikuwa na sufuria, unga wa bugali, chumvi, kiberiti, blanketi, kipande cha bashi, na makaratasi ya watoto ya shule yamefungwa katika mfuko wa plastiki na kuzungushiwa kitenge. Akauliza, "Mama, leo tunakimbia nani?"

Tulicheka, halafu tukanyamaza. Ninyi mnaelewa. Mikono ilikuwa imefunga mzigo ule unaoujua. Mwaka 2007, Sake ilipowaka moto, tulikwenda Mugunga. Mwaka 2012 tulishika njia ya Minova na mtoto mgongoni. Mwaka 2002 Nyiragongo iliposhuka mjini, sisi ndio tuliopokea watu wa Goma. Katika ndoa yetu yote hatukuwahi kutoka nyumbani pamoja bila kitu kutufukuza nyuma. Mzee alitoa bashi na makaratasi, akayarudisha chini ya kitanda. Sufuria aliiacha. Haikuwa hata yetu, yetu imetoboka. Ile tuliazima kwa mama mmoja wa chama, na yeye anajijua.

Sababu ya safari mnaijua: binti yetu ameolewa Mombasa, na mwezi wa tano alizaa. Mjukuu wa kwanza. Tulikuwa tumemwona katika simu tu, kichwa kimoja kikubwa na macho. Zaidi ya mwaka tulikuwa tunaweka pesa. Wakati ule pasipoti ya Kongo ilikuwa dola 185 kwa kichwa kimoja, na sisi ni vichwa viwili. Tulitumia zamu yetu ya likelemba, tukauza mbuzi wawili na maharagi ya msimu mzima. Wengine walisema tumerogwa: pesa zote hizo kwenda kushika mtoto na kurudi!

Tulitoka mwezi wa Agosti 2018, asubuhi na mapema, kwa pikipiki mbili. Njia ya Goma mnaijua, hatuna haja ya kuieleza: machukudu yenye makala na mashu, mawe meusi kila upande. Ila mzee anataka tuandike kwamba babu yake alikuwa akimsimulia mwaka 1938, wakati moto wa Nyamulagira ulishuka mpaka ziwani na kuikata njia hii hii kati ya Goma na Sake. Haya, tumeandika.

Petite Barrière tumepita mara ngapi na beseni la mboga kichwani na jeton ya siku moja! Mara hii tulisimama kwenye mstari na pasipoti, tumevaa viatu vya kanisani. Mwenye kugonga muhuri akauliza kama tunarudi jioni. Tukasema baada ya wiki tatu. Ebola ilikuwa imetangazwa kule upande wa Beni tarehe 1 mwezi huo huo, kwa hiyo tulinawa maji ya klori na kupimwa joto kwenye paji la uso.

Rwanda tuliipita haraka. Gisenyi, Musanze, vilima baada ya vilima, na jioni tukawa Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, ambako vijana kumi wanakuvuta mkono kwa wakati mmoja. Tukapanda basi la usiku la Kampala.

Kwenye mpaka wa Gatuna mambo mawili yanabadilika. Saa inaruka mbele: ikiwa kwetu ni saa mbili, kule ni saa tatu. Na magari yanahama. Kwetu na Rwanda yanapita kulia, Uganda na Kenya yanapita kushoto. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Dereva alipoingia upande wa kushoto na taa za kamyo zikatujia, mzee alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akafumba macho mpaka Kabale. (Anasema alikuwa anaomba.)

Katika njia hii utaruka mstari wa Ikweta mara mbili ukiwa mzima. Mara ya kwanza ni Kayabwe, kati ya Masaka na Kampala, ambako wamejenga duara nyeupe na watu wanapigwa picha ndani yake. Mara ya pili ni Maseno, Kenya, kabla ya Kisumu. Katikati, Jinja, wakati ule gari lilipita juu ya bwawa ambako mto Nile unatoka ziwa Victoria. Tulisimama kuchungulia dirishani, kondakta akatukemea tukae.

Katika basi la kutoka Kampala tulikaa karibu na bibi na bwana wazungu, vijana, wenye mizigo ya mgongoni mikubwa kuliko wao. Walikuwa wanazunguka dunia nzima. Kifaransa chao kilikuwa kizuri. Walisema walitaka sana kuona moto wa Nyiragongo, lakini mbuga ya Virunga ilikuwa imefungwa kwa watalii tangu mwezi wa tano, kwa hiyo waliishia Gisenyi, wakauona wekundu wake usiku kutoka mbali. Tukawaambia sisi tunauona bila kulipa, kutoka mlangoni tukienda chooni. Wakacheka sana. Kisha yule bibi akauliza, "Na ninyi mmesafiri wapi pengine?"

Tuliangaliana. Tukaanza kuhesabu: Mugunga, Minova, Gisenyi... Yeye akaitika kila jina, vizuri, vizuri, na kuandika katika daftari lake. Hatukumwambia zaidi. Angeuliza nini tena, na sisi tungejibu nini, katika basi lenye watu wanaokula mahindi?

Sasa tuseme lile ambalo hatukupenda kusema sokoni. Kwenye mmoja wa mipaka ile, na tusiutaje, mzee alikataliwa. Tangu usiku mwili wake ulikuwa unawaka. Kile kipima joto kililia, na yule kijana aliyekishika akarudi nyuma hatua mbili. Akaangalia pasipoti. "Kivu ya Kaskazini?" Tukasema ndiyo, lakini sisi ni watu wa Masisi, kutoka kwetu mpaka Beni ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Kwake yeye Kivu ni Kivu. Mzee alikalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, peke yake. Mizigo ikateremshwa. Abiria tuliokuwa tumegawana nao ndizi tangu asubuhi walitazama upande mwingine, wengine wakaenda kunawa tena. Basi likaondoka.

Hatuwalaumu kwa kupima. Ugonjwa ule si mchezo, na hata sisi tungetaka apimwe. Lakini kukaa mbali na mumeo anayetetemeka, uambiwe usimguse, hilo ni jambo jingine. Mzee anasema yeye hakuogopa kufa, aliogopa kurudishwa na mbuzi wameshauzwa.

Nyuma ya hema kulikuwa na mama mmoja anauza chai. Alituona tumesimama juani, akauliza kama mgonjwa amekula. Hakuwa na chombo cha ziada. Basi sufuria ikatoka katika mfuko! Akatupa nafasi kwenye jiko lake, tukapika uji wa unga wa Mubambiro, muuguzi akaubeba kwa kikombe mpaka ndani. Akatuambia mzee ameuliza kwa nini hauna sukari. Hapo tulijua atapona.

Walimchoma kidole, wakakuta malaria. Wakampa dawa, wakamweka chini ya macho mpaka kesho yake, joto lilipoanza kushuka. Kisha yule yule kijana akagonga muhuri na kusema pole. Tuliitikia. Wamama, mkisafiri, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kweli, lakini mwili ukianza kuwaka njiani sema mapema wewe mwenyewe, usingoje kile kipima joto kikusemee.

Nairobi ilikuwa baridi kuliko Masisi, tukaipita. Pale tukachukua treni mpya ya Mombasa, iliyoanza mwaka 2017: karibu masaa matano, na Tsavo utaona tembo wekundu kwa udongo wanaojipaka. Mzee aliwahesabu. Kumi na mmoja.

Binti yetu alikuwa kituoni. Hatutaandika tulivyolia. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, akapiga chafya, akalala.

Kwa wakwe zetu tulipokelewa kwa heshima kubwa, ila Kiswahili kilituchezesha. Sisi tukisema sombe, wao kisamvu. Lenga-lenga kwao ni mchicha, makala ni makaa. Siku ya kwanza mmoja wetu alimwambia mtoto wa nyumba, "Tosha viatu," akimaanisha avue. Mtoto akajibu kwa adabu, "Vinanitosha, bibi." Nyumba nzima ilicheka mpaka mama mkwe akashika ukuta. Jioni alitueleza kwamba lugha hii ilitoka kwao pwani, ikaja kwetu na misafara ya zamani, ya pembe na ya watumwa. Alilisema neno la mwisho polepole. Mzee akajibu kwamba basi sisi tumekuja kuirudisha, wakague kama kuna kilichovunjika.

Bandarini tuliona makontena yamepangwa kama nyumba za ghorofa. Mkwe wetu alisema mengine yanakwenda mpaka Goma. Ile mitumba tunayochagua Birere imepita karibu kilomita 1,800, njia hii hii yetu, na haikupimwa joto.

Kivuko cha Likoni mtu wa miguu halipi. Tulivuka mara nne kwa siku moja, bure, mpaka binti yetu akaona haya. Upande wa pili kuna mchanga, na hapo tuliingia baharini mpaka magotini, mama na kitenge chake, mzee amekunja suruali, mtoto katikati yetu. Ziwa letu ukiliangalia unaona milima ya ng'ambo. Pale hakuna ng'ambo. Mzee alionja maji, akatema, akaonja tena kuhakikisha.

Wiki ya tatu ilipoisha tukarudi kwa njia ile ile, na mipaka yote ikatupitisha. Watoto walikuwa wazima, tunawashukuru mliowalaza na kuwalisha. Mama mwenye sufuria aje aichukue. Imekwaruzika kidogo chini, tutaongea. Na mlioagiza kuona bahari, tumeleta chupa moja ya maji yake. Iko kwa mwenyekiti. Onjeni kwa kijiko, msimalize, kuna wenzenu wa Sake hawajafika.