Barua kutoka Maskati: Linachemsha lini?

Kaka, umeniomba nikutafutie rejeta ya Land Cruiser huku Wadi Kabir, Maskati, niipakie kwenye kontena, maana gari lako linachemsha kila ukipanda Lushoto, na fundi wako ameshatoa hukumu kwamba rejeta imekufa. Sijainunua. Nakujibu hapa gazetini badala ya simu kwa sababu najua kuanzia Tanga hadi Korogwe wako wengi wenye magari ya rika hilo na mafundi wenye hukumu hiyohiyo.

Huku tumeingia miezi mibaya. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu. Usiku nao hauna huruma. Mwaka 2018, mwishoni mwa Juni, mji wa Quriyat ulioko pwani kusini-mashariki ya Maskati ulimaliza saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Ndiyo nchi tunayoendeshea magari ya miaka thelathini, na yanakwenda.

Yanakwendaje? Chukua hesabu ndogo. Petroli inapoungua, kama theluthi ya nguvu yake ndiyo inayosukuma gari, nyingine inatoka na moshi, na iliyobaki, kwa makadirio, inabebwa na maji mpaka kwenye rejeta ikatupwe nje. Rejeta haina ubaridi wake yenyewe. Inategemea tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa inayopita. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa ya huko kwetu nyuzi 25, tofauti ni 65. Hapa Maskati hewa ikiwa nyuzi 45, tofauti inabaki 45. Rejeta ileile, nzima kabisa, imepoteza karibu theluthi ya uwezo wake. Kwa hiyo gari bovu kidogo huku haliwezi kuficha ubovu wake, ilhali huko linaweza kutembea nao miaka mpaka siku likutane na mlima.

Sisi tunayo Land Cruiser ya miaka ya tisini, ile ya petroli ya silinda sita, lita nne na nusu, ambayo mume wangu aliachiwa na ami yake. Kwenye foleni za Ruwi hapa mjini mshale wa joto ulikuwa ukipanda, lakini ukishika barabara kuu ya Nizwa unarudi katikati na kutulia. Gereji ya kwanza ilitaka kutuuzia rejeta mpya kabla hata ya kufungua boneti. (Mwanamke akiingia gereji peke yake, hapa kama Tanga, bei hupanda na maelezo hupungua.) Fundi wa pili, mtu mzima kutoka Kerala, India, aliniuliza swali moja tu, na tajiri wake, Mwomani mwenye Kiswahili cha Unguja kizuri kuliko changu, akanitafsiria: linachemsha lini?

Hilo ndilo swali ambalo fundi wako hakukuuliza. Gari likichemsha likiwa limesimama au kwenye foleni, kisha likapoa likikimbia, shaka ya kwanza ni upepo. Likikimbia, upepo unajiingiza wenyewe. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Na feni ya gari kama letu haikufungwa moja kwa moja na injini. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni: hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, klachi inakamata na feni inavuma mpaka unaisikia kama lori linapita. Mafuta yakivuja, feni inazunguka kivivu tu. Kuipima hakuhitaji kompyuta. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma pangaboi kwa mkono. Likikataa kidogo, ni zima. Likizunguka lenyewe mizunguko kadhaa kwa msukumo mmoja, klachi imekwisha. Angalia pia kama kuna michirizi ya mafuta na vumbi iliyoganda kwenye kitovu chake. Letu lilikuwa hilo. Tuliweka klachi nyingine, rejeta ya zamani bado ipo mpaka leo.

Likichemsha kwa mwendo mkubwa kwenye tambarare, hapo ndipo rejeta inashtakiwa, na hata hapo usikimbilie kuitupa. Mbele yake ipo kondensa ya kiyoyozi, na uwazi mwembamba kati ya hizo mbili ndipo vumbi, nzi na manyoya ya mkonge vinapolala miaka. Ichomoe rejeta, ioshe kwa maji kutokea upande wa injini kwenda nje. Kama bado, mafundi wa huku wanapitisha kipimajoto cha miale juu ya rejeta gari likiwa la moto: palipo na baridi ya ghafla katikati, mirija imeziba. Sasa unayo sababu ya kununua.

Mlima wako unachanganya yote mawili, ndiyo maana hukumu ya haraka ni mbaya. Kutoka Mombo unapanda zaidi ya kilomita thelathini kwa gia ndogo: injini inajikamua, upepo ni haba. Feni mbovu itachemsha hapo, rejeta iliyoziba nayo itachemsha hapohapo.

Lakini kilichonikera katika ujumbe wako ni hii habari ya themostati. Unasema fundi aliitoa na kuitupa "ili maji yapite vizuri". Katika injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili: inafungua njia ya rejeta maji yakifika kama nyuzi 82, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona rejeta. Umeongeza ugonjwa. Asubuhi ya baridi Lushoto, injini nayo inachelewa kupata moto na inakunywa petroli bure. Nunua nyingine, uitumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji yanayochemka jikoni uone inafunguka, kisha mwambie aifunge ile pini ndogo ikiwa juu, ipate kutoa hewa.

Mfuniko wa rejeta ni kitu cha bei ndogo kinachodharauliwa mno. Ukishikilia shinikizo la bar 0.9, hata maji matupu hayachemki mpaka kama nyuzi 118. Springi ikilegea, yanachemka kwenye 100 kama ya chai. Kwa sababu hiyohiyo usiufungue likiwa la moto. Watu wameungua nyuso. Na maji ya kisima chenu yenye chumvi yaache. Weka kulanti, hata kama Tanga hakugandi barafu: inazuia kutu.

Usiuamini sana mshale. Toyota za zama zile mshale wake unakaa katikati joto likipanda na kushuka sana, na siku ukisogea juu, maji yamekwisha kuwa ya moto kupita kiasi. Simama hapohapo, kwani hedi ya aluminiamu ikipinda, gharama yake itakufanya uisahau rejeta.

Basi kabla sijatoa riali hata moja, nijibu haya. Je, linachemsha likiunguruma nyumbani limesimama nusu saa? Je, ukienda Segera kwa mwendo wa kawaida mshale unapanda? Na asubuhi kabla hujaliwasha, minya mpira mkubwa wa juu wa rejeta: kama umekaza wakati injini imelala baridi usiku kucha, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi ya hedi imeungua, na mimi rejeta sikutumii, utanilaumu bure. Nipe majibu kufikia Ijumaa. Klachi ya feni inaingia kwenye begi la mtu anayepanda ndege; rejeta ndiyo inayosubiri kontena.