Mwanga Usioonekana na Mguu wa Najma



Baadhi yenu mliofika shambani kwetu Barka mmeniuliza habari za zile taa nyekundu anazofungwa farasi wa mwanangu miguuni, na kama kweli zinatibu. Niliahidi kuandika tangu Ramadhani. Nimechelewa kwa kuwa habari yenyewe ina aibu yangu ndani yake.

Najma ni farasi jike wa Kiarabu, mwenye umri wa miaka 9, afundishwaye mbio za masafa marefu. Mtunzaji wake ni mzee wa Kisudani ambaye kila alfajiri, kabla ya kumlisha, hupitisha kiganja nyuma ya miguu yake yote minne. Asubuhi moja alisimama kwenye mguu wa mbele wa kushoto akasema pana joto ambalo jana halikuwapo. Mwanangu alikuwa na haraka, akampanda. Siku ya pili Najma alichechemea, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha tundu jeusi katikati ya kano.

Kano hiyo, ipitayo nyuma ya mguu chini ya goti, ndiyo ugonjwa mkubwa wa farasi wa mbio. Farasi aendapo shoti huivuta karibu na mwisho wa uwezo wake, na katikati yake joto hupanda hadi kiasi cha nyuzi 45. Damu iingiayo humo ni chache, kwa hiyo ikichanika hupona polepole sana, na hupona kwa kovu lisilonyumbuka kama nyama ya asili. Daktari wa wanyama alitutajia miezi 9 hadi 12.

Wiki hiyo hiyo akaja muuzaji mmoja na bendeji zilizoshonewa taa ndogondogo ndani. Alisema kwa taa hizo miezi itakuwa wiki. Mwanangu akanigeukia.

"Mama, wewe umesomesha fizikia maisha yako yote. Hii kweli au uwongo?"

Hapo ndipo nilipokosea, maana fizikia yake ni kweli. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika prizimu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na joto likapanda kuliko kwenye rangi zote. Ndiyo miale tuiitayo infraredi. Jaribio hilo nililifanya na wanafunzi wangu Unguja kwa prizimu iliyomeguka pembe, na hadi leo nakumbuka nyuso zao. Halafu mwaka 1967, Budapest, daktari Endre Mester aliwamulikia leza hafifu panya walionyolewa, akaona manyoya yao yanaota upesi zaidi. Tangu hapo wataalamu wamechunguza jinsi mwanga mwekundu na wa infraredi, hasa ule wa nanomita 600 na kitu hadi 900, unavyopokewa ndani ya mitokondria za chembe hai na kuzisaidia kutoa nguvu. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Nikamjibu, "Ni kweli, mwanangu," na fedha nikatoa mimi.

Swali la pili sikuliuliza: ni kweli kwa kiasi gani, na kwa kano ya farasi yupi? Manyoya huuzuia mwanga, na ngozi nyeusi huumeza kabla haujafika ndani. Najma ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, nasi tulimfunga bendeji juu ya manyoya yasiyonyolewa, yenye vumbi la Batinah. Tena kipimo kina pande mbili: mwanga ukipungua haufanyi kazi, ukizidi unaweza kuchelewesha kupona. Muuzaji hakutaja lolote kati ya hayo. Na mwalimu wa fizikia hakumdai.

Wiki ya 6 uvimbe ulikuwa umekwisha na Najma hachechemei. Sisi tukaisifu taa. Lakini uvimbe hupungua pia kwa mapumziko na maji baridi, ambayo alikuwa akimwagiwa kila siku, na utafiti unaonyesha kwamba mwanga huu unaweza kupunguza maumivu. Mnyama asiyesikia maumivu hana kinachomzuia asikimbie. Mwanangu akampanda, wala mimi sikumkataza. Shoti moja tu, mchangani, na kano ikachanika tena, mara hii kubwa zaidi.

Nimesoma zaidi tangu siku hiyo, kwa unyenyekevu kidogo. Matumaini kuhusu vidonda vya ngozi yapo. Kwa kano, uchunguzi uliofanywa kwa farasi ni mchache, wa wanyama wachache, na matokeo yake hayalingani. Ile kauli kwamba taa ikifungwa kabla ya mazoezi humkinga farasi asiumie haijathibitishwa. (Na zile taa kubwa za kupasha joto mgongo zilibuniwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, kuziwasha hapa mwezi wa Juni ni israfu.)

Infraredi ina kazi nyingine ya kinga, ambayo naiamini zaidi. Kila mwili hutoa miale hiyo wenyewe, na kamera ya joto huiona. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, pana jambo. Sharti farasi awe kivulini, mguu mkavu, na bendeji ziwe zimefunguliwa zamani. Kamera hiyo haitibu kitu; inafanya kile kilichofanywa na kiganja cha mzee wa Kisudani asubuhi ile.

Sasa ni mwezi wa 5 tangu kuchanika mara ya pili. Taa bado tunaitumia, mguu ukiwa umenyolewa na kuoshwa, kwa kipimo alichoandika daktari, na picha hupigwa kila baada ya miezi miwili. Najma anatembezwa kwa mkono dakika 20 asubuhi. Juzi mzee alipitisha kiganja, akanitazama mimi badala ya mwanangu, akasema, "Mwalimu, leo kuna joto kidogo." Tumerudi kwenye dakika 10.