Herufi Moja ya Lori la Baba

Baba aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka kumi na tisa. Ubao wa nyuma ulikuwa mweupe, umeandikwa kwa rangi nyekundu: MVUMILIVU ULA MBIVU. Nikiwa mdogo sikuona kasoro. Nilipoanza kusoma sarufi chuoni, niliiona kila nilipotazama picha ya lori lile: H haipo. Aliyeandika alifuata alivyotamka, na hapa kwetu Busia, upande huu na ule, tunaotamka hivyo ni wengi.

Mwaka jana macho yalimlazimu aache kazi. Lori likauzwa, naye akahamia Tororo kwa shangazi. Nikaamua kumtengenezea lori dogo. Plaiwudi, bati la mkebe, magurudumu ya kandambili kuukuu: hayo nimeyajua tangu utotoni. Kilichonishinda ni maandishi. Herufi za milimita nne huzipati kwa brashi, labda uwe fundi wa mabango, nami siye.

Ndipo nikajifunza dekali, yaani stika ya maji. Unachapisha maandishi kwenye karatasi maalumu yenye utando mwembamba juu ya gundi inayoyeyuka. Unakata, unaloweka katika maji vuguvugu kama nusu dakika, unangoja kidogo. Utando ukianza kuteleza, unausukumia juu ya rangi kwa brashi yenye maji, unaunyoosha, unakausha kwa kitambaa bila kusugua. Nilikosea mara mbili. Printa ya saiba haichapishi rangi nyeupe wala haiweki kitu chini ya wino, kwa hiyo namba za njano nilizobandika mlangoni zilipotelea kwenye kijani kana kwamba sikuziandika. Tena rangi isiyong'aa ina mikwaruzo inayoficha hewa chini ya utando, ikikauka unaona ukungu wa fedha kuzunguka kila herufi. Dawa ni kupaka vanishi ya kung'aa kwanza, kisha dekali, kisha vanishi tena ya kulinda.

Niliandika HULA, bila shaka. Nasomea Kiswahili.

Nilivuka Busia na boksi la viatu. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi mwaka 2018, unahudumiwa upande unaoingia tu. Afisa akafungua boksi, akauliza kama tela limebeba mzigo wa kulipiwa ushuru. Nikapanda teksi hadi mwamba wa Tororo ulipojitokeza mbele.

Baba alilileta lori karibu na pua, akasoma herufi baada ya herufi.

“La nani hili?”

“Lako, Baba.”

“Langu halina hii.” Kidole kilikuwa juu ya H.

“Ndivyo inavyoandikwa, Baba.”

“Najua, mwanangu. Walimu wameniambia barabara nzima, toka Mariakani. Lakini pale Malaba wakiulizana nani amepita, walisema Ula Mbivu. Hilo lilikuwa jina langu.”

Miaka yote hiyo sikujua kwamba alikuwa na jina jingine. Akalirudisha lori kwenye boksi polepole, akamwomba shangazi chai. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikarudi nalo. Dekali ikishapakwa vanishi haing'oki kwa maji, ikabidi niikwangue kwa wembe, rangi ikatoka nayo, nikapaka ubao upya. Kijana wa saiba alipoona maandishi alisema, “Hapo umekosea,” mkono tayari uko kwenye kibodi. Nikamwambia aache.

Safari hii niliongeza tone la siki juu ya utando, ulainike na kuzama kwenye mifereji ya mbao. Ulikaa vizuri kuliko ule wa kwanza. Ijumaa navuka tena. Vanishi bado inanata, kwa hiyo boksi liko wazi dirishani, na mwenzangu wa chumbani ameshaniuliza mara mbili H iko wapi.